Likizo ya Mombasa: jinsi ya kupanga matembezi yako bila kuishia kwenye foleni

Kila Desemba ikikaribia simu yangu inajaa meseji za ndugu na marafiki, wa Nairobi, wa Nakuru, wa Arusha, wengine wako Ulaya huko, na karibu wote wananitumia kitu kimoja: orodha. Fort Jesus, Haller Park, Diani, kupanda ngamia, Mama Ngina, Wasini kuona pomboo, alafu swali, "hizi si tunaweza kuzimaliza siku mbili?" Kuzimaliza unaweza ukitaka, lakini utaona zaidi nyuma ya lori kuliko bahari. Shida sio sehemu zenyewe, shida ni vile watu wanazipanga, asubuhi Bamburi mchana Diani jioni Mji wa Kale, bila kujua kwamba hapo ushavuka maji mara kadhaa na kila ukivuka kuna foleni yake. Kwa hio mimi nitakuelezea vile mtu wa huku anavyopanga, kwa kuangalia maji na njia za kuvukia kwanza, orodha baadae.

Hatua ya 1: Fungua ramani kabla hujafungua apu ya hoteli

Mji wa Mombasa wenyewe ni kisiwa. Kutoka kaskazini unapitia daraja la Nyali, hapo ndio unaenda Nyali, Kongowea, Bamburi, Shanzu, Mtwapa mpaka Kilifi. Magharibi unatokea Makupa kuelekea Changamwe, ndio njia ya uwanja wa ndege na ya stesheni ya treni ya SGR kule Miritini na ya kurudi Nairobi. Kusini hakuna daraja, kuna feri ya Likoni, na ng'ambo ya pili ndio Likoni, Ukunda, Diani mpaka mpaka wa Tanzania. Sasa kuna na barabara ya Dongo Kundu, hio inaanzia upande wa Miritini inapita juu ya maji kwa madaraja mpaka upande wa Kwale bila kugusa kisiwa wala feri, ni mzunguko lakini kama umeshuka SGR na unaenda kulala Diani moja kwa moja basi hio ndio njia yako, usimruhusu dereva akupeleke Likoni kupanga foleni na mabegi yote na watoto wanalia.

Ukishaelewa hapo sheria ni moja tu, kila siku upande mmoja. Siku ya kisiwani ni ya kisiwani, siku ya kaskazini ni ya kaskazini, siku ya kusini usipange kitu kingine chochote. Chukua karatasi, gawanya orodha yako mafungu matatu hayo, na fungu likiwa na kitu kimoja tu jiulize kama kinastahili siku nzima.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Huku hali ya hewa inaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, joto lipo (Februari na Machi ni jasho mpaka usiku wa manane) lakini bahari imetulia na maji ni maangavu, ukitaka kwenda na boti kuona samaki na matumbawe ndio wakati wake. Kusi inaanza Aprili na masika yake, Mei ndio mvua haswa, barabara za mtaani zinakuwa mito na hoteli zingine zinafunga kufanya ukarabati. Kuanzia Juni mpaka Septemba kuna ubaridi mzuri wa kutembea, mtu wa Mombasa anavaa sweta na mgeni wa Nairobi anamcheka, ila bahari iko na mawimbi na maji yamevurugika kidogo. Mimi binafsi ukiniuliza nitakwambia njoo Januari baada ya wageni wa Krismasi kuondoka, au Septemba.

Desemba katikati mpaka mwaka mpya, Pasaka na likizo ya Agosti, hapo bei za vyumba zinapanda na tiketi za treni zinaisha kama njugu. Sikatazi, ila buku mapema sana.

Na angalia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani mchana hoteli nyingi za kula za kisiwani zinafunga au zinaweka pazia, Mji wa Kale unakuwa kimya mpaka alasiri, kisha kuanzia saa kumi mabarabara yanajaa meza za sambusa, kaimati, bhajia, mikate ya sinia, na usiku mji unakesha. Kwa mtu anaependa kula huo ni wakati mtamu ajabu, kwa mtu anaetaka kutembea mchana na kula kila saa utamsumbua. Ijumaa pia kumbuka kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa nane maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa kwa sala.

Hatua ya 3: Angalia mwezi wa angani pia

Hii hatua hakuna anaeifanya na ndio inaharibu likizo nyingi. Mtu amelipia chumba cha mbele ya bahari, anaamka saa nne asubuhi na taulo begani, anakuta bahari imeenda zake, mchanga mtupu na mawe na majani mpaka kule mbali kwenye mwamba. Analalamika kwa meneja. Sasa meneja afanye nini?

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na moja mbili zinazofuata, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Wakati wa bamvua hapa kwetu maji huwa yamekauka kama saa nne au tano asubuhi, na yanarudi kujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hapo bahari haiendi mbali wala haiji juu sana, na saa zinageuka, asubuhi ya saa nne tano ndio utakuta maji yapo.

Kwa hio kama wewe raha yako ni kuogelea tu asubuhi, tafuta wiki ya maji mafu. Kama unataka watoto watembee kwenye vidimbwi vya mwamba waone kaa, nyota za bahari na visamaki vya rangi, njoo bamvua, vaeni viatu vya mpira manake kuna vile vidude vyeusi vya miba na ukikanyaga kimoja likizo imeisha. Na hapo sikiliza vizuri, maji yakigeuka rudi ufukweni saa hio hio, usingoje picha ya mwisho, yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako na wewe uko kwenye mwamba unadhani bado kukavu. Jedwali la kujaa na kupwa liko kwenye intaneti bure, tafuta la Kilindini, piga skrinishoti ya siku zako zote weka kwenye simu.

Kingine, fukwe zetu zinatazama mashariki. Jua linachomoza baharini, halizami baharini. Ukitaka ile picha ya rangi ya machungwa amka saa kumi na mbili asubuhi, jioni jua linaenda zake upande wa bara.

Hatua ya 4: Kufika

Kutoka Nairobi watu wengi siku hizi ni treni, SGR, inayoitwa Madaraka Express, imeanza 2017. Kuna ya saa mbili asubuhi inayosimama stesheni za njiani, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na zingine, kuna ya alasiri saa tisa, na ya usiku saa nne. Nauli ya kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Unabuku kwa *639# au kwenye tovuti ya reli na kulipa M-Pesa, na jina na namba ya kitambulisho ziwe sawa na zilizo kwenye kitambulisho chenyewe. Kama ni safari ya kutembea chukua ya asubuhi, hata kama inachukua muda zaidi, manake inapita Tsavo mchana na ukikaa dirishani unaweza kuona ndovu, wekundu kabisa kwa ajili ya ule udongo, wamesimama karibu na reli kama hawajali. Ya usiku ni ya kuokoa siku, haina cha kuona.

Fika stesheni saa nzima kabla, au zaidi. Pale mabegi yanapangwa chini kwenye mstari mbwa wanakuja kunusa, alafu mashine, alafu mashine nyingine, na kisu cha kumenyea machungwa ulichosahau kwenye begi kitabaki hapo. Ukishuka Miritini, kumbuka hauko mjini bado. Hapo nje kuna matatu za kwenda kisiwani, kuna teksi za apu na kuna madereva watakaokuvuta mkono, uliza bei ya apu kwanza hata kama hutaitumia, ikusaidie kubishana.

Wa Tanzania, mkitoka Dar au Tanga kwa basi mnaingilia Horohoro na Lungalunga, na hapa kuna ujanja ambao wengi hawauoni: basi linapita Ukunda kabla halijafika Likoni. Kama Diani iko kwenye mpango wako shuka Ukunda, fanya siku za kusini kwanza, kisha ndio uvuke uje kisiwani. Ukija mpaka Mombasa mjini alafu urudi Diani umevuka feri mara mbili bure. Pasi au hati ya muda ya kusafiria muwe nazo mkononi, viza hamhitaji. Na ndugu zetu mlioko nje ambao mshachukua pasi za huko, Kenya iliondoa viza Januari 2024 lakini ikaweka kibali cha eTA cha kuomba mtandaoni kabla ya safari, usije ukaenda uwanja wa ndege mikono mitupu ukajitetea kwa Kiswahili safi.

Wa gari binafsi, kutoka Nairobi ni kilomita kama 480 za malori. Ondoka alfajiri, usiendeshe usiku. Basi.

Hatua ya 5: Pa kulala

Lala upande ule ambao una vitu vingi zaidi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza, ni hivo tu.

Kisiwani ni rahisi kibei na uko karibu na historia na chakula, lakini hakuna ufukwe wa kuogelea wa maana. Kaskazini, Nyali mpaka Shanzu, ndio katikati ya mambo yote, una ufukwe, una masupamaketi, una vyumba vya kila bei kuanzia vyumba vya kupika wenyewe vya familia mpaka hoteli kubwa, na mjini ni daraja moja tu. Ukiwa na watoto na ni mara ya kwanza, lala kaskazini. Diani ina mchanga mweupe kuliko kote lakini ukilala kule usijidanganye ati utakuwa unakuja Mombasa kila siku.

Kabla hujalipa dipoziti ya nyumba ya watu binafsi muulize mwenyewe mambo manne: maji ya bomba ni ya chumvi au ya kawaida, kuna feni au eisii na umeme unalipia nani, neti ya mbu ipo, na kutoka mlangoni mpaka mchangani ni dakika ngapi kwa miguu. "Karibu na bahari" kwenye matangazo ya huku ina maana pana sana.

Hatua ya 6: Siku ya kisiwani

Hii ndio siku ya kutulia nayo, na ndio watu wanaifanya haraka haraka.

Anza na chai, na sio ya hotelini kwako. Tafuta mama anaeuza mahamri na mbaazi za nazi, viko kila mtaa kuanzia alfajiri, hamri la moto unalipasua linatoa harufu ya iliki unachovya kwenye mbaazi nzito. Ukichelewa mpaka saa tatu utakuta sufuria linaoshwa.

Fika Fort Jesus mapema kabla jua halijapanda, manake mule ndani katikati ni uwanja wazi na mawe yale yanatema joto. Malipo mengi ya serikali sasa ni kwa simu kwa hio hakikisha una salio M-Pesa. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, mchoro ni wa Muitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiiona kutoka juu ina umbo kama mtu amelala na mikono na miguu. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 wakaiteka Desemba 1698, zaidi ya miaka miwili na nusu watu wamefungiwa mule ndani na njaa na maradhi, simama pale juu ya ukuta uangalie maji ya bandari ya zamani uwaze hilo. Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na makumbusho ikafunguliwa 1962. Vitu viwili watu wanavipita bila kuviangalia: ile michoro ya meli na watu ambayo wanajeshi wa Kireno waliichora ukutani, mingine kama ya mtoto wa shule, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari kwenye Santo António de Tanná, meli iliyokuja kuokoa ngome ikazama hapo mbele 1697. Pale mlangoni watakuja watembeza wageni, chukua mwenye kitambulisho, elewaneni bei kabla ya hatua ya kwanza na uulize kama hio bei ni ya ngome tu au na Mji wa Kale pia.

Ukitoka ngome unaingia Mji wa Kale kwa miguu, Ndia Kuu hio mbele yako. Usiwe na mpango mkali, potea kidogo. Angalia juu uone roshani za mbao, angalia milango, utapita msikiti wa Mandhry wenye mnara wa duara, huo ni wa 1570 na bado unasaliwa. Ni mtaa wa watu kuishi lakini, kwa hio kabla hujapiga picha ya mtu au mlango wake uko wazi, omba. Bega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake, na kina dada leso moja begani inatosha kabisa. Salamu kwanza, mzee amekaa barazani mpe shikamoo au salaamu aleikum, utashangaa mlango wa maongezi unavyofunguka. Njaa ikikushika utakuta viazi karai, vile viazi vimechovywa unga wa rangi ya manjano vikakaangwa, mwambie amwagie na ukwaju, na usikubali vilivyopoa.

Mchana wa saa saba mpaka tisa jua halina huruma, kaa ndani, kula biriani au wali wa nazi na samaki wa kupaka, pumzika. Alasiri nenda Marikiti, lile soko kubwa la 1914, ununue viungo, iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari. Nusa kabla hujanunua, na zafarani ya bei rahisi sana sio zafarani. Biashara Street iko hapo karibu, ni leso barabara nzima, na kina mama wa bara mkifika hapo waume zenu wasubiri mkahawani tu. Kanga za chapa ya Mali ya Abdulla wameuza hapo tangu enzi, soma jina la kanga kabla hujamnunulia mtu, usije ukampelekea mama mkwe matusi.

Pembe za Moi Avenue ukitaka picha zipitie njiani, ni za alumini sio za ndovu, zimesimama tangu miaka ya 1950, dakika tano zinatosha.

Jioni funga na Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Serikali ilipatengeneza upya 2019, kuna vijia na ngazi na mibuyu mikubwa sana, na meli za kuingia Kilindini zinapita karibu kiasi unaona mabaharia wametegemea reli. Muhogo wa kuchoma ndio wa kula hapo, jamaa anauchoma kwenye makaa mpaka unaungua nje, anaupasua katikati, anapaka ndimu iliyochovywa kwenye pilipili na chumvi. Na madafu. Wikendi panajaa hadi tuktuk hazipiti, Jumanne au Jumatano ni raha zaidi.

Hatua ya 7: Siku ya kaskazini

Hapa panga kwa jedwali la maji. Kama asubuhi bahari ipo, anza ufukweni umalizie Haller Park alasiri, kama imekupwa geuza.

Haller Park mwanzo ilikuwa machimbo ya kampuni ya saruji ya Bamburi, shimo jeupe la mawe lisilo na hata nyasi. 1971 Mswisi René Haller akaanza kujaribu kupanda miti, kati ya aina 26 zilizoota vizuri ni tatu, na uliofanya kazi kubwa ni mvinje. Ila majani ya mvinje yalikuwa hayaozi, kwa hio hakuna udongo, mpaka akaleta majongoo kwa wingi wayale wayageuze mbolea. Kwa hio ukiwa mle chini ya kivuli kizito waonyeshe watoto jongoo kabla ya twiga, ndie aliyejenga msitu. Twiga wanalishwa kwa mkono, uliza saa zake mlangoni. Hapa ndipo alipoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajishikiza kwa kobe mzee dunia nzima ikawajua.

Ufukwe wa wote ni pale Pirates, Bamburi. Una fujo zake, ngamia, maboya, muziki, familia nzima nzima na sufuria za pilau, mimi napapenda lakini mtu wa kutaka utulivu aende Nyali au Shanzu. Boti za kioo za kwenda kwenye hifadhi ya bahari zinaondokea fukwe hizi, unaona matumbawe na samaki bila kulowa, na ukitaka kulowa wana miwani.

Mtu wa magofu asogee Jumba la Mtwana, Mtwapa ng'ambo kidogo, mji wa kale uliohamwa karne nyingi zilizopita, miskiti ya mawe na mibuyu na bahari hapo hapo, na mara nyingi uko peke yako. Rudi kabla ya saa kumi, foleni ya Mtwapa jioni sitaki hata kuizungumzia.

Hatua ya 8: Siku ya kusini

Feri kwa mtu wa miguu ni bure, gari ndio linalipia. Asubuhi umati unatoka Likoni kuja kazini kisiwani na jioni unarudi, wewe mtalii unaenda kinyume chao, kwa hio vuka kwa miguu, chukua matatu Likoni ya Ukunda kisha tuktuk mpaka ufukweni, utawahi kuliko wenye gari. Ukiwa kwenye feri simu weka mfukoni, usipige picha, na mabegi yavae mbele.

Diani kazi yako ni mchanga na maji, ila tenga saa moja ya kutafuta mbega, wale weusi wenye mabega meupe. Kando ya barabara utaona ngazi za kamba zimening'inia juu kutoka mti huu mpaka ule, ni zao, za kuvukia barabara wasigongwe. Usiwape chakula. Tumbili watajichukulia wenyewe ukiacha dirisha wazi.

Badala ya Diani unaweza kupanda Shimba Hills, juu kidogo tu lakini hewa inabadilika kabisa, kuna ndovu, kuna maporomoko ya Sheldrick ya mita 21 ambayo unashukia kwa miguu na askari wa wanyamapori, na palahala, ambao Kenya nzima wako hapo tu. Malipo ni eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, usiende na noti.

Kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite ni siku yake peke yake, kutoka alfajiri mpaka jioni, boti zinatoka Shimoni, na wakati wa kusi mawimbi yatakutapisha kwa hio watu wa tumbo jepesi wangoje kaskazi.

Hatua ya 9: Pesa na kubishana bei

Weka pesa mafungu mawili, ya lazima ambayo ni kulala, nauli na viingilio, na ya starehe, na ya starehe uiongeze kidogo manake chakula cha barabarani kitakula. M-Pesa inakubalika mpaka kwa muuza madafu, noti ndogo ndogo ziwe za tuktuk.

Bei ya kwanza ya tuktuk kwa mtu mwenye kofia ya jua na begi mgongoni ni ya kukujaribu. Sema "kaka, hio ya mgeni, nipe ya mwenyeji", cheka, ondoka hatua mbili, ataita. Usigombane, ukigombana bei inapanda. Vijana wa ufukweni, mabichboi, sio watu wabaya, ni kazi yao, wengi wanajua bahari kuliko mtu yeyote hotelini kwako. Ila kabla ya kupanda kitu chochote uliza maswali haya: bei ni ya mtu au ya boti nzima? Saa moja au kwenda na kurudi? Kiingilio cha hifadhi kimo humo? Kwa ngamia, picha ni bei hio hio au ina yake? Na kulipa ni baada, akitaka yote kabla mpe nusu.

Hatua ya 10: Kufunga begi, la kuja na la kurudi

Nguo nyepesi za pamba, viatu vya mpira vya maji, losheni ya jua, dawa ya mbu, chupa ya maji ya kujaza tena. Mifuko ya plastiki imekatazwa Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwenye mbuga na fukwe zilizohifadhiwa. Makombe ya baharini usinunue wala usiokote, yaache.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kuja, hasa Januari tarehe za mwanzo ambapo bara nzima inarudi pamoja. Siku ya kuondoka toka kisiwani saa mbili nzima kabla ya treni, upande wa Makupa na Changamwe malori ya bandari hayana ratiba. Na achari za embe na mabuyu ya pilipili nunua siku hio hio, funga mara mbili na uweke kwenye begi la mkononi, mafuta ya achari yakimwagika kwenye nguo hayatoki hata ukiloweka wiki.